Jogoo kwenye kanvasi: nichague vipi mishono na nyuzi?

"Nimenunua kanvasi ya kudarizi iliyokwisha kupakwa rangi: jogoo mkubwa mwenye mkia wa rangi nyingi, nyuma yake ukuta wa matofali, juu anga ya buluu inayofifia kuelekea chini, na miguuni nyasi. Ni ya matundu 18 kwa inchi, mraba wa sentimita 35, na nataka iwe mto wa kochi. Anga nimeianza kwa uzi wa rayoni unaong'aa, mishono mirefu ya wima, lakini kanvasi inachungulia katikati ya mistari na uzi unanasa kwenye pete yangu. Sehemu ya ukuta nimeifanya kwa mishono midogo ya mshazari, safu baada ya safu, kitambaa nikikishika mkononi, na sasa mraba wangu umelala upande. Nadhani navuta sana. Kitabu nilicho nacho kina mishono zaidi ya mia tatu. Je, kila sehemu ya picha inatakiwa iwe na mshono wake? Rafiki yangu anasema nitumie mmoja tu kote niache kujisumbua. Nifumue yote nianze upya?"

Weka mkasi chini kwanza. Kwa maelezo yako, kitu pekee ambacho ningefumua bila kusita ni anga. Ukuta huenda ukabaki ulivyo, na jogoo mwenyewe hujamgusa, kwa hiyo sehemu yenye uzito zaidi bado iko mbele yako.

Katika swali lako naona maswali matatu yamefungwa pamoja: kwa nini kanvasi inachungulia, kwa nini imelala upande, na mishono mia tatu inachaguliwaje. Watu wengi huuliza hilo la tatu tu, wakiamini mawili ya kwanza ni ubovu wa mikono yao. Mkono una sehemu yake, lakini si kubwa kama unavyodhani. Ukielewa uzi unafanya nini ndani ya tundu, mishono mingi ya kitabu chako itajiondoa yenyewe kabla hujaanza kuchagua.

Tuanze na kuchungulia. Kanvasi imefumwa kwa kuachia nafasi: mtande (nyuzi za wima) unashuka, mshindio (nyuzi za mlalo) unakatiza, na kati yake yanabaki matundu. Matundu 18 kwa inchi maana yake ni kwamba kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya jirani yake ni kama milimita 1.4. Sasa tazama mshono wa wima. Unapita juu ya mshindio na kuufunika, lakini unalala sambamba na mtande, ndani ya mfereji ulio kati ya nyuzi mbili za mtande. Haupandi juu ya mtande hata mara moja. Kinachoweza kuuficha mtande ni unene wa uzi wako peke yake: lazima utanuke kando hadi uguse mstari wa pili. Uzi mwembamba hautanuki, na mtande unabaki umesimama kati ya mistari kama nguzo za uzio. Mshono wa mshazari ni habari nyingine. Hata ule mdogo kabisa hupita juu ya makutano yenyewe, ukaziba mtande na mshindio kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana uzi uleule unaotosha kwenye mshazari hukuaibisha kwenye wima.

Kwa hiyo hakuna uzi "unaofaa kanvasi ya 18" kwa ujumla. Upo unaofaa kanvasi ya 18 kwa mshono wa mwelekeo fulani. Ukitumia uzi wa pamba wa nyuzi sita, ule unaogawanyika, nyuzi 4 kwa kawaida hutosha mishazari midogo, lakini kwa mishono ya wima utahitaji zote 6. Pamba ya kusokotwa inayoitwa pamba ya lulu huhesabiwa kwa namba, na namba ikipanda uzi unakonda: namba 5 hujaza kanvasi yako barabara, namba 8 huacha kanvasi ionekane kidogo. Kwenye kanvasi ya matundu 13, ambayo nafasi zake ni karibu milimita 2, namba 5 hiyohiyo inaanza kuwa nyembamba kwa mishono ya wima, na watu huhamia namba 3.

Ila usikimbilie upande wa pili. Nimeona kazi ambazo mwenyewe, kwa hofu ya kuchungulia, ameongeza uzi hadi kanvasi imetuna kama mandazi. Uzi mnene kupita kiasi husukuma nyuzi za kanvasi, mishono ya jirani inakosa mahali pa kukaa, na umbo la mshono ulilochagua kwa mapenzi yote linazama kwenye uvimbe. Kipimo changu ni sindano. Kwa kanvasi ya 18 tumia sindano butu namba 22, kwa ya 13 tumia namba 20. Nazo pia namba ikipanda inakonda. Sindano iliyobeba uzi ipite tunduni kwa mguso mdogo tu. Ukilazimika kuivuta kwa kuigeuzageuza, uzi ni mwingi. Ikipita bila kugusa chochote, ni mchache.

Kuhusu rayoni, uzi wako si mbovu, umepewa kazi isiyo yake. Rayoni hung'aa kwa sababu uso wake ni laini sana, na ulaini huohuo unaufanya uteleze, ujikunje na ukatae kulala pamoja na wenzake. Ikilowa hupoteza sehemu ya nguvu yake. Uzi wa namna hiyo, ukilazwa kwenye mishono mirefu, juu ya mto utakaoegemewa kila siku, utakwanyuliwa na kila kifungo, kila pete na kila ukucha wa paka. Pete yako imekupa taarifa mapema, ishukuru.

Hapo ndipo lilipo swali ambalo ningependa ulitangulize mbele ya kitabu: kitu hiki kitaishi maisha gani? Picha ya kuning'inizwa ukutani inaweza kuvaa chochote, mishono ya kuruka nyuzi kumi, mafundo, shanga, zari. Mto unasuguliwa. Kwa kitu cha kusuguliwa kwenye kanvasi ya 18 mimi siruhusu mshono uruke zaidi ya nyuzi 4 za kanvasi, yaani kama milimita tano na nusu, labda 5 mahali pasipoguswa sana. Sheria hiyo moja itafuta kurasa nyingi za kitabu chako.

Sasa kulala upande. Unasema unadhani unavuta sana. Huenda kweli, lakini hata mtu mwenye mkono mwepesi angepata mraba uliolala kwa mbinu uliyotumia. Mshono mdogo wa mshazari una sura moja mbele, na njia tatu za kuufanya, ambazo zinatofautiana nyuma. Njia yako, ya safu baada ya safu, huacha nyuma mishono mirefu ya mshazari inayoegemea upande uleule na ile ya mbele. Kila mshono unavuta kona moja ya tundu kuelekea kona ya pili, mbele na nyuma, wote kwa pamoja. Mraba wako wa sentimita 35 una nafasi zaidi ya 61,000 za mishono midogo. Hata ukivuta kidogo kiasi gani, maelfu hayo yakikubaliana kuegemea upande mmoja, kitambaa kitawafuata.

Njia ya pili, nusu msalaba, huacha nyuma vistari vifupi tu. Inakula uzi kidogo na ndiyo sababu inapendwa, lakini nyuma inabaki nyembamba, na kwenye kanvasi ya kawaida mishono huweza kuteleza na kuzama kati ya nyuzi. Inakaa vizuri zaidi kwenye kanvasi iliyofungwa, ile ambayo nyuzi zake za upande mmoja ni pacha zilizozungushana kuushika kila mkutano usihame. Kwa mto, siipendekezi.

Njia ya tatu naiita ya kikapu, maana ukiigeuza nyuma unaona msuko kamili wa kikapu. Badala ya kwenda safu za mlalo, unafanya kazi kimshazari: unashuka ngazi, kisha unapanda ngazi ya pembeni yake. Ukishuka, nyuma kunabaki vistari vya wima. Ukipanda, vya mlalo. Mivuto inapingana na kuzimana, kanvasi inabaki mraba, na nyuma kunakuwa na kitambaa cha pili kilichosukwa, kigumu kuliko kanvasi yenyewe. Ndiyo njia ninayotaka uijue kabla ya mshono wowote wa mapambo.

Ina siri moja ambayo vitabu vingi huipita haraka. Tazama kanvasi yako kwa karibu, kama si ile iliyofungwa: kwenye mkutano mmoja mtande uko juu, kwenye unaofuata mshindio uko juu. Ukifuata mistari ya mshazari utaona mmoja wote mtande uko juu na unaofuata wote mshindio uko juu. Shuka kwenye mstari wa mtande, panda kwenye mstari wa mshindio. Ukifanya hivyo mishono inakaa sawasawa na huwezi kupotea. Ukisahau na kushuka mara mbili mfululizo, utapata ufa mwembamba unaokatiza kazi yako kimshazari, na hauondoki kwa kunyoosha. Ukiacha kazi, iache katikati ya mstari ili kesho ujue ulikuwa unapanda au unashuka. (Mimi niliupata ufa huo kwenye mto wa pili niliowahi kudarizi, na hadi leo jicho langu linaukimbilia kabla ya kuona maua.)

Na usishike kitambaa mkononi. Kibane kwenye fremu ya vijiti vinne kwa pini fupi zisizoshika kutu, kikazwe kama ngozi ya ngoma. Juu ya fremu iliyokazwa sindano hushuka kwa mwendo mmoja na kurudi kwa mwendo wa pili. Huwezi kuchota mshono kwa mwendo mmoja kama unaposhona pindo, na kule kuchota ndiko kunakovuta zaidi. Fremu ya duara ya vitambaa laini haifai hapa, kwa sababu inaikunja kanvasi ngumu na kuacha alama.

Je, ukuta uliokwisha kufanya ufumuliwe? Jaribu hivi: ubane kwenye fremu, uvute kwa mkono taratibu hadi kona zinyooke. Ikikubali bila ugomvi, uache, na umalizie matofali yaliyobaki kwa njia ya kikapu. Badilisha njia mahali penye mstari wa rangi, kwa mfano kwenye ukingo wa tofali, si katikati yake, kwa sababu njia mbili zina mkazo tofauti kidogo na mpaka wake huonekana. Ikikataa kurudi mraba, fumua. Kuna imani kwamba kunyoosha mwishoni kutaponya kila kitu, yaani kuloweka kidogo, kupigilia pini kwenye ubao na kuacha ikauke. Husaidia, kwa sababu wanga ulio kwenye kanvasi hulainika na kukauka upya katika umbo jipya. Lakini mivuto haijaondoka. Imelazwa tu, na mto uliolala sana huanza kurudi upande baada ya miezi ya unyevu na kuegemewa.

Nije kwa rafiki yako. Ana hoja, tena nzito. Mary, Malkia wa Scotland, alipokuwa kifungoni Uingereza baada ya mwaka 1568, alidarizi pamoja na Elizabeth wa Hardwick, mke wa bwana aliyepewa kumlinda, vipande vya wanyama, ndege na samaki ambavyo vingi vimehifadhiwa katika jumba la Oxburgh Hall huko Norfolk. Ni hariri juu ya kanvasi ya kitani, na karibu kazi yote imebebwa na mshono mdogo wa mshazari na msalaba. Karne ya 19 ilipoingia, michoro ya mirabamiraba iliyochapishwa Berlin ilienea Ulaya na Marekani, na kina mama wengi wakajaza vyumba vyao kazi za sufu za mshono mmoja au miwili. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba mshono mdogo ni wa wanaoanza. Ndio unaofuata vizuri zaidi mchoro wa rangi hatua kwa hatua, kwa sababu nafasi moja ni rangi moja. Mishono ya mapambo ina umbo lake, na umbo hilo hushindana na mchoro.

Ila rafiki yako anaacha raha nyingi mezani. Mishono ya mapambo hufanya kitu ambacho rangi haiwezi: hucheza na mwanga. Chukua uzi mmoja wa hariri, darizi kipande kinachoegemea kulia na kingine kinachoegemea kushoto, kisha zungusha kanvasi chini ya taa. Utaapa ni nyuzi mbili tofauti. Hariri hutoka kwenye kifukofuko ikiwa uzi mmoja mrefu usiokatika, mwanga unateleza juu yake kama juu ya maji, na kila ukigeuza mwelekeo unageuza kivuli. Sufu ni kinyume chake. Imejikunja kiasili na uso wake una magamba madogo, kwa hiyo inameza mwanga, inatanuka kujaza tundu na inarudi baada ya kukandamizwa. Pamba iko katikati. Ile ya lulu hung'aa kwa sababu imepitishwa kwenye magadi makali, mbinu iliyoanza na Mwingereza John Mercer aliyeipatia hataza mwaka 1850 na kuboreshwa baadaye kwa kuukaza uzi wakati wa kutibiwa.

Sasa swali lako kubwa: kila sehemu iwe na mshono wake? Hapana. Niliwahi kumdarizi samaki mmoja kwa mishono saba tofauti, kila pezi na wa kwake, na nilipomaliza nilikuwa na onyesho zuri la mishono na samaki hayupo. Jicho linahitaji mahali pa kupumzika. Kwenye picha moja mimi huchagua sehemu moja ya kusema kwa sauti, moja au mbili za kunong'ona, na zilizobaki zikae kimya. Kwako sauti ni mkia.

Kuna na suala la nafasi. Mshono wa mapambo ni muundo unaojirudia, na usipojirudia angalau mara tatu au nne kila upande, hausomeki. Unaonekana kama kosa. Kabla ya kuchagua, hesabu nyuzi za kanvasi ndani ya umbo lako. Muundo unaochukua nyuzi 6 hauwezi kuingia kwenye mguu wa jogoo wenye upana wa nyuzi 5, hata uwe mzuri kiasi gani kitabuni. Utajikuta unashona vipande vya kufidia tu, vile vijishono vilivyokatwa pembeni ili kujaza ukingo, bila hata muundo mmoja mzima katikati. Kwa hiyo kichwa, jicho, mdomo na miguu vyote vipe mshono mdogo kwa njia ya kikapu, pamba ya nyuzi 4, bila mjadala.

Mkia ndio uwanja wako. Kila unyoya ufanye kwa mishono ya mshazari inayoruka nyuzi 3 au 4, iliyobanana upande kwa upande, na mwelekeo ubadilike kutoka unyoya hadi unyoya. Tumia hariri ya kugawanyika. Zitenganishe nyuzi zake moja moja kisha uzirudishe pamoja kabla ya kutunga. Kitendo hicho kidogo huondoa msokoto na kuzifanya zilale bapa kama utepe. Mkono wako wa pili ushike sindano nene ya ziada ya kulaza uzi wakati mshono unashuka, usijisokote. Kata vipande vya sentimita 45 hivi, si zaidi, kwa sababu kila tundu linaukwaruza uzi na mwisho wa kipande kirefu hufifia. Ukitaka zari, weka mistari miwili mitatu ya msuko mwembamba kwenye migongo ya manyoya, vipande vifupi zaidi. Kumbuka zari hukwaruza shavu la anayelalia mto. Ningeziweka chache sana.

Kishungi ni chekundu, na hapo nina onyo kuliko ushauri. Nyekundu na rangi za giza ndizo zinazochuja mara nyingi. Lowesha kipande cha uzi, kibane kati ya kitambaa cheupe, subiri kikauke. Kitambaa kikipata haya ya waridi, badilisha uzi sasa hivi. Kwa umbo lake, mafundo madogo yaliyobanana yangekaa vizuri, na kwa kuwa ni sehemu ndogo hayatasumbua mtumiaji.

Ukutani utakutana na mtego wa majina. Kuna mshono unaoitwa wa matofali, mishono ya wima ambayo safu zake hupishana kama matofali ukutani, na wengi huona ni lazima ukuta uvae huo. Lakini tofali la mshono huo, likiruka nyuzi 4, lina urefu wa milimita tano na nusu, na matofali yaliyochorwa kwenye kanvasi yako bila shaka ni makubwa kuliko hapo. Utapata matofali madogo ndani ya matofali makubwa, ukuta unaozozana na wenyewe. Endelea na mshono mdogo. Ukitaka ukuta urudi nyuma zaidi, tumia uzi usiong'aa, sufu nyembamba kwa mfano, na jogoo wa hariri atasogea mbele bila wewe kufanya lolote.

Mshono huohuo wa matofali, ajabu, ningeupeleka angani. Ukiruka nyuzi 2 tu, kwa pamba ya nyuzi 6, ni wa wima mfupi, hauvuti kanvasi upande, haunasi, na hauna umbo kubwa la kushindana na jogoo. Lakini kuna jambo la kupima hapa. Anga yako imepakwa ikififia. Ukiifunika kwa rangi moja, umeitupa kazi ya mchoraji. Unaweza kuifuata kwa njia ya kikapu na vivuli vitatu au vinne vya buluu. Ni uaminifu kamili, na ni jioni nyingi sana. Unaweza kuchagua mshono mwepesi unaoacha kanvasi wazi kwa makusudi ili rangi iliyopakwa ionekane kama ukungu nyuma ya uzi. Ni mzuri mno, ila ni kwa picha ya ukutani, si kwa mto. Ninayoipenda kwa hali yako ni kuchanganya kwenye sindano: nyuzi 6 za buluu iliyokolea, halafu 4 iliyokolea na 2 nyepesi, halafu 2 kwa 4, halafu 6 nyepesi. Macho hayaoni ngazi, yanaona anga.

Kabla ya kununua uzi wa anga, darizi inchi moja ya mraba kwenye ukingo mtupu wa kanvasi, pima uzi uliotumika, zidisha kwa eneo lote, ongeza kidogo, na uchukue wote wenye namba moja ya kundi la rangi. Buluu ya kundi la leo na ya mwezi ujao hutofautiana kiasi cha kutoiona dukani na kuiona kila siku kwenye kochi. Ukingo huohuo mtupu ndio daftari lako. Jaribu kila uzi na kila mshono hapo, kwa sababu utaingia ndani ya mshono wa mto na hakuna atakayeuona. Nyasi, ambazo sijazitaja, ni rahisi: mishono ya wima ya sufu au mchanganyiko wa sufu na hariri, urefu wa nyuzi 2, 3 na 4 bila mpangilio. Zikiwa na mpangilio zitaonekana kama zulia.

Ukifumua anga, kata mishono kwa mbele, katikati yake, kwa mkasi mdogo wenye ncha, ukiinua kila mshono kwa sindano kwanza ili ncha isiguse kanvasi. Kisha vuta mabaki kwa nyuma kwa kibano. Usijaribu kuutumia tena uzi huo. Ukikata uzi mmoja wa kanvasi kwa bahati mbaya, usilie: chukua kipande kidogo cha kanvasi ya aina ileile, kiweke nyuma matundu yakiwa yamelingana, na udarizi kupitia vyote viwili.

Yapo mambo ambayo maandishi hayawezi kuyamaliza. Ikiwa ukuta unakataa kabisa kurudi mraba, mpelekee mtu anayemalizia mito ya kudarizi auone na kuushika kabla hujaongeza mshono mwingine. Atakuambia kwa dakika mbili kama unaweza kushonwa ukawa mraba. Rangi ikichuja wakati wa kulowesha, usiipige pasi na usiongeze sabuni. Iache ibaki na unyevu ndani ya taulo safi na umwone mtu wa kuhifadhi vitambaa siku hiyohiyo, kwa kuwa doa lililokauka kwa joto halitoki. Na kwa kuwa umesema umekuwa ukishika kazi mkononi: vidole vikianza kufa ganzi usiku, au kifundo cha mkono kikiuma hata siku usiyodarizi, nenda kwa daktari, na fremu iwekwe kwenye kisimamio ili mikono yote miwili iwe huru.

Usianze na mkia, najua unautamani. Fumua anga, bana fremu, fanya majaribio ya ukingoni, malizia ukuta kwa njia ya kikapu hadi mkono uzoee kushuka na kupanda bila kufikiri. Kufikia hapo utakuwa umeshajua uzi wako unapenda mkazo gani, na hariri utaitoa kwenye pakiti ukiwa na mkono tofauti na ulio nao leo.